Nani Mwenye Kantri? Historia ya "Achy Breaky Heart"

Mwaka 2004 jarida la Blender la Marekani lilichapisha orodha ya nyimbo 50 mbaya kuliko zote, na nafasi ya pili likaipa "Achy Breaky Heart", singo iliyofungua albamu ya kwanza ya Billy Ray Cyrus. Miaka 12 kabla ya hapo wimbo huohuo ulitunukiwa na Chama cha Muziki wa Kantri, kinachojulikana zaidi kwa herufi zake CMA, kuwa singo bora ya mwaka. Wepesi wa kujibu watasema kwamba ladha za watu hubadilika, basi yameisha. Jibu hilo halitoshi, kwa sababu dharau haikungoja mwaka 2004. Ilianza majira yaleyale ya joto ya 1992, wimbo ukiwa bado kileleni, na walioianzisha ni wanakantri wenyewe. Hoja yangu ni kwamba ugomvi ule haukuhusu sana ubora wa wimbo. Ulihusu nani mwenye haki ya kusema hii ni kantri na hii siyo. Ulizuka wakati ule, si kabla wala baada, kwa sababu njia tatu za kumfikia msikilizaji bila kuwapigia hodi wakubwa wa Nashville zilikutana kwa mara ya kwanza: hesabu mpya ya mauzo, televisheni ya video, na ukumbi wa dansi.

Mpaka uliochorwa na wauza santuri, 1927–1960

Anayetaka kuielewa ghadhabu ya 1992 hana budi kurudi Bristol, mji uliokaa mpakani mwa Tennessee na Virginia. Mwishoni mwa Julai 1927 Ralph Peer, aliyekuwa akiifanyia kazi kampuni ya Victor, alifika hapo na mitambo ya kurekodi, na katika muda usiotimia wiki mbili akanasa sauti za wanamuziki wa vijijini, wakiwamo familia ya Carter na kijana mmoja mgonjwa wa kifua kikuu, Jimmie Rodgers. Biashara ya santuri ya wakati huo ilikuwa na katalogi mbili: moja ya Weusi, nyingine ya Wazungu wa milimani. Mgawanyo huo haukutoka kwa wapigaji. Banjo asili yake ni ala za Waafrika waliopelekwa Amerika utumwani. DeFord Bailey, Mmarekani Mweusi aliyepuliza harmonika, alikuwa miongoni mwa nyota wa mwanzo wa kipindi cha redio cha Grand Ole Opry pale Nashville. Na Rodgers mwenyewe, ambaye baadaye alipewa cheo cha baba wa kantri, alirekodi Los Angeles mwezi Julai 1930 huku Louis Armstrong akimpigia tarumbeta. Mpaka ulikuwa kwenye rafu za duka, na rafu hizo ndizo zilizokuja kuitwa mila.

Muziki wenyewe haukujali mipaka hiyo. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey aliporekodi nyimbo za Wakipsigis huko Kapkatet, Kenya, aliwakuta wasichana wakimwimba "Chemirocha", yaani Jimmie Rodgers, ambaye santuri zake zilikuwa zimewafikia. Nao walikwisha kumgeuza kiumbe wa ajabu, nusu mtu nusu swala. Nalitaja hilo kwa sababu linavunja dai moja ambalo watetezi wa usafi wa kantri hulirudia kila kizazi, kwamba hapo mwanzo palikuwa na muziki wa nyumbani, wa watu wenyewe kwa wenyewe, kabla biashara haijauharibu. Hapakuwa na wakati huo. Kantri tunayoijua ilizaliwa ndani ya santuri, ikiwa bidhaa ya kuuzwa mbali, na nyota wake wa kwanza alikuwa maarufu Bonde la Ufa kabla Nashville haijawa makao makuu ya muziki huo.

Mji huo ulipata ukuu wake kwa kufanya jambo ambalo baadaye ungelilaani. Rock and roll ilipoinyang'anya kantri vijana wake kuanzia 1956, watayarishaji Chet Atkins wa RCA na Owen Bradley wa Decca waliondoa fidla na gitaa la stili lenye kulialia, wakaweka vinanda vya nyuzi na waitikiaji wa sauti laini. Ndipo tukampata Patsy Cline, ndipo tukampata Jim Reeves, ambaye "He'll Have to Go" ilipanda hadi nafasi ya pili kwenye chati ya jumla ya Marekani mwaka 1960. Wasikilizaji wa redio wa Kenya waliomzoea Reeves kama sauti halisi ya kantri walikuwa wakisikiliza, kwa kipimo cha wakati ule, kantri iliyochanganywa na pop kwa makusudi ili iuzike. Leo hakuna anayemwita Reeves msaliti. Muda ukipita wa kutosha, mchanganyiko wa jana hugeuka kuwa asili ya leo.

Milango inayofunguliwa na kubamizwa, 1974–1986

Mwaka 1974 CMA ilimpa Olivia Newton-John, mwimbaji aliyezaliwa Uingereza na kukulia Australia, tuzo ya mwimbaji bora wa kike. Wakongwe walichukia kiasi cha kukutana nyumbani kwa George Jones na Tammy Wynette na kuunda chama chao cha watumbuizaji wa kantri. Mwaka uliofuata Charlie Rich, aliyepewa kazi ya kumtangaza mtumbuizaji bora wa mwaka, alifungua bahasha, akaona jina la John Denver, akatoa kiberiti na kuichoma karatasi mbele ya kamera. Kinachonivutia katika kisa hicho ni mchomaji mwenyewe. Rich alikuwa ametajirika miaka miwili tu kabla kwa "Behind Closed Doors", wimbo laini, wenye kupambwa kwa nyuzi, uliouzwa kwa wapenzi wa pop kama ulivyouzwa kwa wapenzi wa kantri. Kama kosa la Denver lilikuwa ni kuchanganya, basi Rich alikuwa mkosaji mwenzake. Tofauti yao ni kwamba Rich alipitia studio za Nashville, na Denver alitokea pembeni.

Baada ya hapo ilikuja filamu ya Urban Cowboy, mwaka 1980, John Travolta akicheza katika ukumbi wa Gilley's huko Pasadena, Texas. Kwa miaka michache kofia pana na buti vikawa fasheni ya mijini, kampuni zikarekodi kila kilichonukia kantri, kisha mauzo yakaporomoka. Mwaka 1985 gazeti la New York Times liliandika juu ya kufifia kwa muziki huo kana kwamba linaandika tanzia. Waliounusuru, Randy Travis na Dwight Yoakam kuanzia 1986, walirudi kwenye fidla, gitaa la stili na sauti ya puani. Ushindi wao ulikuwa wa haki, lakini uliacha fundisho la hatari vichwani mwa wakubwa wa Nashville: kwamba kila wakiruhusu pop iingie, nyumba huungua, na kila wakiifukuza, neema hurudi. Fundisho hilo lilikuwa na umri wa miaka sita tu Cyrus alipotokea, na waliomshambulia walikuwa watoto wa fundisho hilo.

Hesabu mpya, 1991

Kabla ya Mei 1991, chati ya albamu ya jarida la Billboard ilitengenezwa kwa simu. Maduka yaliulizwa ni nini kinachouzwa, na muuzaji alijibu kwa kukisia, kwa mapenzi yake, au kwa hisani ya mtu wa kampuni aliyemletea tiketi za bure. Kuanzia toleo la tarehe 25 Mei 1991 kazi hiyo ilichukuliwa na mfumo wa SoundScan, uliokusanya taarifa kutoka mashine za kaunta zinazosoma ile mistari myeusi iliyochapishwa nyuma ya kava. Mashine haikujua aibu. Muuzaji wa duka la mjini ambaye hakutaka kukiri kwamba kaseti za kantri zinaondoka kuliko za rock hakuulizwa tena. Miezi minne baadaye, Septemba 1991, "Ropin' the Wind" ya Garth Brooks iliingia chati ya albamu zote moja kwa moja katika nafasi ya kwanza, jambo ambalo hakuna albamu ya kantri iliyowahi kulifanya.

Hapo ndipo wapinzani wa hoja yangu huweka kituo. Wanasema, na wana sababu, kwamba ukuta ulikwisha kubomolewa na Brooks, kwa hiyo Cyrus alipita tu kwenye tundu la mwenzake. Ni kweli kwamba Brooks aliuza zaidi, na kwa muda mrefu zaidi. Lakini angalia njia aliyopitia. Alitoa albamu yake ya kwanza 1989, redio za kantri zikampiga wimbo baada ya wimbo, mwaka 1990 akaingizwa rasmi katika familia ya Grand Ole Opry. Hesabu mpya ilifichua umaarufu ambao Nashville yenyewe ilikuwa imeubariki tayari. Jambo lililokuwa bado halijajaribiwa ni kama mtu asiyebarikiwa na yeyote angeweza kufika hukohuko kwa singo yake ya kwanza.

Chombo cha pili kilikuwa kimesimikwa tangu 1983, mwaka ambao vituo viwili vya televisheni ya kebo, TNN na CMT, vilianza kurusha kantri. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 sura ya mwimbaji ilikuwa inafika sebuleni kabla ya sauti yake kufika kwenye redio ya gari. Nashville ililiona hilo kama tangazo la ziada. Haikuona bado kwamba televisheni ingeweza kuwa mlango wenyewe.

Wimbo unaoanzia sakafuni, Machi hadi Mei 1992

Billy Ray Cyrus alizaliwa 1961 huko Flatwoods, Kentucky, mwana wa Ron Cyrus aliyekuwa mbunge katika bunge la jimbo. Alikuwa na bendi iitwayo Sly Dog, akahamia Los Angeles kutafuta bahati, akarudi mikono mitupu, na kwa miaka kadhaa akawa mpigaji wa kudumu katika baa ya Ragtime Lounge mjini Huntington, West Virginia. Alipopata mkataba na kampuni ya santuri ya Mercury mwaka 1990, kupitia kwa mtayarishaji Harold Shedd, hakuwa na jina, hakuwa na wimbo, na nywele zake, fupi mbele na ndefu hadi mabegani, zilikuwa za mpiga rock wa miaka iliyopita. Alichokuwa nacho ni maelfu ya usiku wa kuwaangalia watu wakicheza. Albamu yake ilirekodiwa na bendi yake hiyohiyo ya baa, jambo lisilo la kawaida katika mji ambao mwimbaji mpya hupewa wapigaji wa kukodi, mafundi waliozoea kupiga nyimbo tatu kabla ya chakula cha mchana.

Wimbo wenyewe ulikuwa umehangaika kabla ya kumfikia. Uliandikwa na Don Von Tress. Kundi la Oak Ridge Boys lilipewa nafasi ya kuuimba likaukataa. Ndugu watatu walioitwa Marcy Brothers waliurekodi 1991 kwa jina la "Don't Tell My Heart", na haukwenda popote. Ukiusikiliza kwa sikio la fundi, siri zake zinahesabika. Gitaa lina mikao miwili tu ya vidole kutoka mwanzo hadi mwisho, A na E. Mapigo yanazunguka 120 kwa dakika, mwendo ambao mguu wa mtu mzima unaufuata bila kuhema. Anayeimba ni mwanamume aliyeachwa, lakini halii: anamruhusu mpenzi wake amtangaze kwa kila mtu, kwa kila kiungo cha mwili wake mmoja mmoja, ilimradi asiupe habari moyo wake, maana hauna uvumilivu. Ni mzaha, na umeandikwa uwe mzaha. Cyrus anauimba kwa sauti nzito yenye mkwaruzo, bila kukonyeza jicho, na hapo ndipo alipowapita Marcy Brothers.

Kisha Mercury ikafanya jambo la ujanja. Kabla redio hazijauzoesha wimbo masikioni mwa watu, kampuni ilipeleka kwenye kumbi za dansi kanda ya video inayofundisha mtindo uliobuniwa mahususi na Melanie Greenwood. Ulikuwa mtindo wa dansi ya mistari: wachezaji wanapanga safu, kila mtu peke yake, hatua zilezile zinarudiwa, na kila zinapokwisha safu nzima inageukia upande mwingine wa ukumbi. Hakuna anayehitaji mwenzi, na mwanamke aliyekuja na dada zake hasubiri kuombwa. Video ya wimbo nayo ilipigwa katika jumba la Paramount mjini Ashland, Kentucky, jirani kabisa na alikozaliwa mwimbaji, ikionyesha umati ukimpokea kama nyota kabla hajawa nyota. Singo ilitoka rasmi Machi 1992. Wimbo ulikuwa na wachezaji wake tayari, na simu zao zilianza kumiminika kwenye vituo vya redio.

Tuzo na matusi, kiangazi cha 1992

Kilichofuata kinasomeka vizuri zaidi kwa tarakimu. Singo ilikaa wiki tano katika nafasi ya kwanza ya chati ya kantri, ikafika nafasi ya nne kwenye chati ya jumla ya Marekani, ya tatu Uingereza, na ya kwanza Australia na New Zealand. Ilithibitishwa kuuza nakala milioni moja nchini mwake, singo ya kwanza ya kantri kufanya hivyo tangu "Islands in the Stream" ya Kenny Rogers na Dolly Parton mwaka 1983, katika soko ambalo mashabiki wa kantri walikuwa karibu wameacha kununua singo. Albamu, "Some Gave All", ilitoka 19 Mei, ikakalia nafasi ya kwanza ya chati ya albamu zote kwa wiki 17 mfululizo, na aliyeiondoa Oktoba alikuwa Garth Brooks na albamu yake mpya. Baadaye ilithibitishwa kupita nakala milioni tisa Marekani pekee.

Matusi hayakungoja mavuno yaishe. Travis Tritt, mwimbaji wa kizazi kilekile aliyejipatia jina kwa kuchanganya kantri na rock ya kusini, alisema hadharani kwamba wimbo huo unaigeuza kantri kuwa mashindano ya kutikisa makalio. Cyrus alimjibu jukwaani Januari 1993, kwenye Tuzo za Muziki za Marekani, kwa kumrushia maneno ya wimbo wa Tritt mwenyewe. Mchekeshaji "Weird Al" Yankovic akatoa dhihaka yake mwaka huo. Vituo vya redio vilivyoupiga wimbo mpaka ukachosha vilianza kutangaza fahari ya kutoupiga.

Hoja ya kwanza ya walioukataa ni ya ufundi: mikao miwili ya vidole, maneno ya kitoto, basi. Ingekuwa na uzito kama kantri ingekuwa inapima hivyo. "Jambalaya" ya Hank Williams, ya mwaka 1952, nayo ina mikao miwili tu, na maneno yake ni orodha ya vyakula na majina ya watu, na bado huhesabiwa miongoni mwa hazina za muziki huo. Wepesi haujawahi kuwa dhambi Nashville. Huko wepesi ukitoka kwa mtu anayefaa huitwa ukweli. Sitaki kudai kwamba nyimbo hizo mbili ni sawa. Williams ana ladha ya mahali fulani katika kila mstari, na Von Tress hana. Ninachodai ni kwamba kipimo kilichotumiwa kumhukumu Cyrus hakikuwa kipimo cha nyumba hiyo.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi: kwamba umaarufu ule ulitengenezwa na idara ya mauzo, kwamba kanda ya dansi ndiyo iliyouza wimbo. Hili nalikubali nusu. Mkasa wa Marcy Brothers unaonyesha wazi kwamba wimbo peke yake, bila sakafu, haukutosha. Lakini kanda ya dansi haielezi wiki 17. Mtu anayetaka hatua za kucheza Jumamosi hununua singo. Hanunui albamu nzima yenye wimbo wa kuwakumbuka waliopigana Vietnam, ambao ndio uliobeba jina la albamu. Na hakuna kampuni ya Nashville ambayo haikuwa ikitumia fedha kuwauza wageni wake mwaka ule. Kama fedha za matangazo zingetosha, tungekuwa na akina Cyrus kumi.

Ushahidi unaonishawishi kuliko wote unatoka kwa wenzake. Agosti 1992, miezi michache tu baada ya vurugu kuanza, Brooks & Dunn walishika nafasi ya kwanza ya chati ya kantri kwa "Boot Scootin' Boogie". Nao ulitoka kwenye albamu yao ya kwanza, nao ulikuwa wa kuchezwa kwa mistari, na kampuni yao ikatoa toleo maalumu kwa ajili ya kumbi za dansi. Kutikisika kulikuwa kulekule. Hawa hawakutengwa, walikusanya tuzo za CMA kwa miaka mingi iliyofuata. Ronnie Dunn na Kix Brooks walikuwa watunzi waliokwisha kujulikana ndani ya mji, watu ambao nyimbo zao ziliimbwa na wengine kabla hawajaziimba wenyewe. Cyrus alitoka baa ya West Virginia akiwa na bendi yake mkononi. Dansi haikuwa kosa, wala wepesi, wala kuuzwa kwa wapenzi wa pop. Kosa lilikuwa kufika bila kuletwa na mtu.

Kwa nini, basi, CMA ikampa tuzo? Kwa sababu chama hicho ni cha biashara, na wanachama wake wanapiga kura huku wakitazama vitabu vya hesabu. Tuzo ya singo bora ilikuwa stakabadhi ya fedha zilizoingia. Jina la mtumbuizaji bora wa mwaka, ambalo ndilo heshima yenyewe, halikumkaribia.

Nani alivuna, 1993–2006

Albamu ya pili ya Cyrus, "It Won't Be the Last", ilitoka 1993, ikauza zaidi ya milioni, na kwa mwimbaji mwingine yeyote hayo yangekuwa mafanikio. Kwake yalihesabiwa kuwa anguko. Baada yake redio zilimwacha taratibu. Waliosema tangu mwanzo kwamba hana kitu waliliona hilo kuwa uthibitisho. Nadhani ukweli umekaa katikati: hakuwa na hazina ya nyimbo ya kumvusha, na wakati huohuo milango ambayo humvusha msanii mwenye nyimbo za wastani, na kantri imewavusha wengi, kwake ilikuwa imefungwa.

Faida iliwaendea wengine, kuanzia kampuni yake mwenyewe. Mercury ya Nashville ndiyo iliyokuwa na Shania Twain, Mkanada ambaye albamu yake ya kwanza ya 1993 haikuvuma. Twain na mtayarishaji Robert John "Mutt" Lange, bingwa wa rock, waliutumia mwongozo uleule wa 1992: video kwanza, mwendo wa kuchezeka, kiitikio ambacho uwanja mzima unaweza kukipaza. "Come On Over" ya 1997 ilithibitishwa kuuza nakala milioni 20 Marekani peke yake. Twain naye alirushiwa mawe, ila hakupondwa, maana kufikia hapo Nashville ilikwisha kujua kwamba kumponda mtu wa namna hiyo ni kujikata mfuko.

Wimbo wenyewe ulikuwa umeondoka nyumbani. Dansi ya mistari ilienea Uingereza hadi ikawa mazoezi ya jioni katika kumbi za mitaa. Nchini Mexico kundi la Caballo Dorado liliutoa kwa Kihispania kama "No rompas más", na safu za wachezaji wa wimbo huo zimekuwa sehemu ya sherehe za harusi huko kwa miongo mitatu; Brazil waliupata kwa Kireno kupitia Chitãozinho & Xororó. Huko hakuna aliyeuliza kama ni kantri halali. Mwimbaji wake aligeukia televisheni, na kuanzia 2006 watoto wa dunia nzima walimjua kama baba wa Hannah Montana, mhusika aliyeigizwa na binti yake wa kweli, Miley, aliyezaliwa Novemba 1992, albamu ya baba ikiwa bado inauzwa kama njugu.

Mlango uleule tena, 2018–2020

Desemba 2018 kijana Mweusi wa Georgia, Lil Nas X, alitoa wimbo wa muda usiofika dakika mbili, "Old Town Road", juu ya mdundo alioununua mtandaoni kwa dola 30 kutoka kwa kijana wa Uholanzi, wenye sampuli ya banjo. Hakuwa na kampuni wala kituo cha redio. Alikuwa na intaneti, ambako watu walianza kujirekodi wakivaa kofia na kuucheza. Machi 2019 Billboard iliuweka kwenye chati ya nyimbo za kantri katika nafasi ya 19, kisha ikauondoa kimyakimya, ikieleza kwamba hauna vipengele vya kutosha vya kantri ya leo. Yaani mashine za kuhesabu zilisema watu wanausikiliza, na mkono wa mtu ukaufuta. Tarehe 5 Aprili likatoka toleo jipya, na sauti iliyofungua ilikuwa ya Billy Ray Cyrus, mwenye umri wa miaka 57.

Wapo wanaosema kisa cha 2019 ni cha rangi ya ngozi na kile cha 1992 ni cha ladha, na kwamba kuviunganisha ni kupunguza uzito wa ubaguzi. Tofauti ipo, na ni kubwa: Cyrus alifukuzwa baada ya kuingia, akiwa na tuzo mkononi, na Lil Nas X alifutwa kwenye hesabu yenyewe. Lakini mpaka uliotumika ni ule wa katalogi za miaka ya 1920, na waliousimamia 1992 walikuwa wakiulinda hata walipomgeukia Mzungu wa Kentucky, kwa sababu mamlaka ya kusema nani mgeni ni moja, awe nani anayesimamishwa mlangoni. Cyrus aliielewa hali hiyo haraka kuliko wachambuzi, na hadharani alimkaribisha kijana yule katika kundi la waliokataliwa.

"Old Town Road" ilikaa wiki 19 katika nafasi ya kwanza ya chati ya jumla, rekodi ambayo hakuna wimbo uliokuwa umeifikia. Novemba 2019 CMA, chama kilekile cha 1992, kiliwapa wawili hao tuzo ya ushirikiano bora wa mwaka. Januari 2020 Grammy nayo ikawatuza wimbo bora wa kushirikiana, katika kundi la pop. Kwenye chati ya nyimbo za kantri Billboard haikuurudisha.